Tochi tatu na IST inayovuja: siku yangu gereji

Saa 12:15 asubuhi

Kabla ya chai nakagua tochi. Mke wangu ananicheka, anasema wenzangu wakiamka hushika simu, mimi nashika tochi. Zimelala mezani pembeni ya TV zikichajiwa: ya kichwani, ndogo kama kalamu, na ile bapa yenye sumaku mgongoni. Taa zote za chaji ni za kijani, kwa hiyo siku imeanza vizuri. Chapati mbili, chai ya rangi, daladala.

Saa 1:40

Gereji yetu iko Tandika: mabati juu, shimo moja, magari mengi kuliko nafasi. Wateja hushangaa kuona fundi anawasha tochi na jua la Dar limeshachoma hivi. Lakini jua hilohilo ndilo shida. Macho yanabana kwa ukali wa nje, halafu unainama kutafuta bolti ya chini ya alteneta na unakuta giza totoro. Ukitegemea jua utakuwa unapapasa tu.

Gari la kwanza ni Probox ya teksi, linakosa nguvu likipanda mlima. Plagi. Dakika 40, limeondoka.

Saa 3:10

Toyota IST ya mwalimu mstaafu, mteja wetu wa miaka mingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili gari linanikojolea uani, na fundi mmoja kaniambia lazima giaboksi lishushwe."

Nikaingia shimoni. Tone lilikuwa limening'inia pale injini inapokutana na giaboksi. Ni mahali pabaya, kwa sababu pale kuna sili mbili, yaani mipira ya kuzuia uvujaji: ya nyuma ya krenki, inayozuia oili ya injini, na ya mbele ya giaboksi, inayozuia ATF, oili ya giaboksi la otomatiki. Zikivuja, zote hutonyea palepale.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Mwaka juzi niliangalia Noah yenye tatizo kama hili kwa tochi ya elfu nane, ile ya mwanga mweupe unaoelekea bluu. Nikaona maji meusi-kahawia, nikasema oili ya injini, sili ya krenki hiyo. Tukashusha giaboksi, tukabadilisha, tukafunga. Baada ya siku tatu mteja akarudi na uvujaji uleule. Ilikuwa ATF. Yenyewe ni nyekundu, ila ikizeeka huingia ukahawia, na taa za bei chee zina upungufu wa mwanga mwekundu, basi ule wekundu kidogo uliobaki haukuonekana kabisa. Giaboksi lilipokuwa chini ningeweza kubadilisha sili zote mbili kwa jasho moja. Sikununua ya pili kwa sababu nilikuwa na uhakika! Nilirudia kazi yote bure.

Tangu siku hiyo sinunui tochi ya kazi bila kuuliza CRI. Hiyo ni namba inayoeleza taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani. Jua ni 100. Nyingi za mtaani ziko 70 hivi na boksi lake halisemi kitu. Mimi nataka 90 kwenda juu. Duka likiwa halijui, naomba kuiwasha na kumulika kiganja changu. Nyama ikionekana kama ya maiti, narudisha. Fundi umeme wa gari atakuelewa haraka kuliko mtu yeyote, maana kwenye taa mbovu waya mwekundu na wa kahawia ni ndugu.

Turudi shimoni. Nililidaka tone kwenye karatasi nyeupe, nikamulika. Jeusi, halina hata dalili ya wekundu. Oili ya injini. Kijana wangu wa kazi akaanza kusogeza jeki. "Tulia kwanza, dogo." Nikachukua tochi ya kalamu, nikailaza karibu kabisa na chuma ili mwanga uteleze juu yake. Ukimulika uso kwa uso, uchafu wote unafanana. Ukimulika kwa ubavu, palipolowa panang'aa na pakavu panabaki pamefifia. Njia ikaonekana: kamstari kembamba kanapanda ukutani mwa injini, kanapita nyuma ya mabano ya waya, kanafika hadi kona ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini. Gasketi imekauka kama ganda la muhogo. Oili inashuka kutoka juu, inajitundika chini, inawasingizia sili.

Mama alipoambiwa giaboksi halishuki, alikaa kwenye benchi akaagiza soda.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage kwa mama lishe. Dogo katoa mfukoni tochi aliyoipata kwa mmachinga, maandishi ubavuni: lumeni 90,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Nikamwambia kama ni kweli basi tuipeleke uwanja wa mpira. Kwa kazi ya chini ya boneti lumeni 200 au 300 zilizotawanyika vizuri zinatosha. Ukizidisha, mwanga unagonga aluminiamu na kukurudi machoni, na kwa sekunde kadhaa huoni chochote.

Akafungua betri. Ni 18650, saizi ambayo namba yake inajieleza: milimita 18 kwa upana, 65 kwa urefu. Imeandikwa mAh 9,900, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Betri halisi za saizi hii huishia kwenye 3,500 hivi. Tukaenda kwa jirani muuza viungo, akatuazima mizani. Yangu gramu 46. Ya dogo, 24. Muuza viungo mwenyewe akatikisa kichwa, maana mizani anaijua.

"Sasa ndani wameweka nini, fundi?"

Sijui, na sikutaka kuipasua. Betri ya lithiamu haipasuliwi kwa udadisi.

Saa 9:20

Umeme umekatika. Zamani gereji nzima ingesimama, kwa sababu tulitegemea taa ya waya, ile balbu ndani ya kikapu cha chuma. Siimisi hata kidogo. Inachoma mkono, waya unakanyagwa, na ni volti 230 unazoburuta sakafuni penye maji. Kubwa zaidi ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujaa shimoni pale pale unapofanyia kazi. Balbu ikianguka ikapasuka, ule uzi ndani bado ni moto.

Tochi nayo si kinga kamili. Saa 10 tulikuwa na Vitz ya pampu ya mafuta, ile inayofikiwa kwa kung'oa siti ya nyuma. Utaratibu wangu: milango yote wazi, gari nje ya banda, terminali ya betri imetolewa, na tochi imewashwa kabla sijafungua kifuniko. Nikishafungua, siibonyezi tena hadi nimalize, maana kitufe kinaweza kutoa cheche. Niliitundika kwa ndoano yake kwenye mshiko wa juu ya mlango, ikamwaga mwanga pande zote, mikono yangu miwili ikawa huru. Sumaku ni nzuri pia, ila haishiki aluminiamu, na hukusanya chenga za chuma. Usiipitishe tu juu ya injini iliyo wazi.

Saa 11:30 jioni

Breki za mbele za Noah. Dogo kavaa tochi ya kichwani, anasema diski ni safi. Nikamwomba aivue, aishike mkononi, aimulike diski kwa pembeni. Mifereji ikajitokeza kama shamba lililolimwa. Tochi ya kichwani inamulika kutoka pale macho yalipo, hivyo kivuli kinajificha, na mikwaruzo huonekana kwa kivuli. Ya kichwani ni ya kufungua na kufunga. Ya kukagulia ni ya mkononi. Mafundi wa bodi na rangi wanalijua hili zamani, ndiyo maana hawatafuti bonyeo kwa taa inayomulika uso kwa uso.

IST ilikuwa imeshaondoka na gasketi mpya. Kabla haijaondoka niliiacha ikinguruma juu ya boksi lililokunjuliwa kwa nusu saa. Boksi lilibaki kavu.

Saa 2:05 usiku

Nyumbani. Napanga tochi kwenye chaji: ya kichwani, bapa... ya kalamu haipo. Nimepekua mifuko ya ovaroli, begi, hadi kwenye viatu. Simu ikaita.

"Mwanangu, gari langu linatoa mwanga chini ya boneti. Ni kawaida?"

"Hapana mama, hiyo ni tochi yangu. Fungua boneti, iko upande wa betri. Ina kitufe nyuma, izime tu, kesho nitapita kuichukua."

Kimya kidogo, boneti ikalia, halafu akarudi hewani.

"Nimeipata. Inamulika vizuri hii. Uje keshokutwa, huku umeme haujarudi."