Ngazi Nne

Katika ramani niliyopeleka mashindanoni kulikuwa na ngazi moja. Jengo lenyewe lina ngazi nne.

Jengo ni banda la samaki, mita sita kwa kumi na nane, kwenye ufuo mmoja wa Ziwa Viktoria huko Seme, ukishuka kutoka barabara ya Kisumu kwenda Bondo. Tulilijenga mwaka 2018 kwa akiba ya kikundi cha akina mama na msaada mdogo uliotoka nje. Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na mtihani wa usajili sijaufanya, kwa hiyo kisheria sikuruhusiwa hata kujiita msanifu majengo. Nilichora, bosi akatia sahihi. Pale ufuoni hayo hayakumhusu mtu. Ukishika karatasi na futi kamba, wewe ni injinia.

Karibu na Kisumu, cha kwanza kuhesabu ni jua. Ikweta inapita Maseno, hapo karibu tu, na mwaka mzima jua linachomoza na kuzama karibu pale pale, likiyumba kiasi kaskazini na kusini. Geuza madirisha magharibi, na kufikia saa kumi jioni mama anayepima samaki haoni mizani, na samaki wenyewe wamelegea. Basi mgongo wa paa niliulaza mashariki kwa magharibi, kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini, na kusini ndiko liliko ziwa, ndiko unakotoka upepo wa mchana. Kuta zilikuwa za tofali za intaloki: murram, saruji kidogo, mashine ya mkono. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa tofali kama 100, na hukati mti wa kuchomea. Upande wa ziwa nilichora pazia refu la mafunjo yaliyofumwa, upepo upite na jua lichujwe. Hilo pazia nililipenda kuliko banda lenyewe.

Sakafu niliichora chini sana, sentimita 15 tu juu ya ardhi. Nilitaka banda likae kama mtumbwi uliovutwa ufuoni. Maneno hayo niliyaandika hata kwenye ramani.

Nilikaa mjini wiki mbili bila kufika kazini. Niliporudi nikakuta msingi umepanda hadi karibu na goti.

"Jaduong', hapa pamezidi," nikamwambia fundi. Alikuwa mtu mzima wa sitini na kitu, na nilimwita hivyo, yaani mzee kwa Kijaluo, kama kila mtu pale.

"Nimeongeza kozi mbili za mawe, injinia."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya yule mzee pale."

Mzee mwenyewe alikuwa ameketi chini ya mwembe anashona wavu, wala hakuinua kichwa. Ilibidi nimwendee. Akanionyesha kwa fimbo mahali mitumbwi ilipokuwa ikifungwa mwaka 1964, baada ya mvua zile ambazo wazee bado huziita mafuriko ya Uhuru. Fimbo ilielekea nyuma yetu, juu ya banda, kwenye shamba la mtama. Nilimsikiliza kwa adabu, nikamshukuru, nikarudi kuhesabu mawe. Kozi mbili za inchi tisa, banda zima, pamoja na kifusi cha kujaza ndani! Pesa zilitoka wapi? Kwenye pazia la mafunjo. Nilimnunia yule fundi mpaka siku ya kufunga mabati, naye alinisalimia kila asubuhi kana kwamba hakuna kitu.

Mwishoni mwa 2019 tukasikia habari za tuzo za usanifu za Afrika Mashariki, na bosi akaniambia nilipeleke banda. Zilitakiwa bango mbili za ukubwa wa A1, picha, na maelezo mafupi. Fomu ilikuwa na mstari wa msanifu, wa mhandisi, wa mkadiriaji gharama, wa mwenye mradi, hata wa mpiga picha. Wa fundi haukuwepo. Sikuliwaza hilo wakati ule. Nililiwaza baadaye, nilipokuwa natafuta pa kujificha.

Kwanza picha. Tulimkodi kijana wa mjini mwenye kamera nzuri, akasisitiza tufike alfajiri kwa sababu ya mwanga. Alfajiri ndiyo saa mitumbwi ya omena, wale dagaa wa ziwani, inarudi. Ningeuliza mtu yeyote ningeambiwa nisubiri mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazivuti omena na watu hupumzika. Sikuuliza. Tulikuta ufuo umejaa: beseni, magunia, pikipiki, kelele za bei. Mpiga picha akaomba beseni ziondolewe ili jengo lionekane. Mama mmoja aliyekuwa na kopo la kupimia mkononi akamtazama kutoka viatuni hadi kofiani.

"Nyathina," akamwambia, kwa sauti ile ya kumwita mtoto wake, "banda ni letu au ni la picha?"

Kijana akapiga picha na beseni zikiwemo. Zilitoka nzuri, nzuri kuliko alivyotaka. Na katika picha zote za upande wa mbele, mtu alikuwa ametandaza wavu ukauke juu ya ngazi. Sikuuweka mimi. Lakini sikuuondoa.

Kisha ramani. Nilikusudia kwenda kupima upya nichore jengo kama lilivyo. Nikafungua kompyuta usiku, nikautazama ule mkato wa zamani, mchoro unaoonyesha jengo kama limekatwa wima: mstari wa ziwa, mstari wa sakafu karibu ulingane nao, paa limeinama juu yake. Mkato ulipendeza. Nikajaribu kuinua sakafu sentimita 46 nione, banda likawa kama mtu aliyesimama juu ya kiti. Nikarudisha. Pazia la mafunjo, ambalo halikuwahi kufumwa, nikaliacha pia. Nikajiambia kwamba mashindano ni ya ubunifu, na ubunifu ulikuwa ule. Januari 2020 nikatuma.

Wakati huo ziwa lilikuwa limeshaanza kupanda. Mvua za vuli za 2019 hazikukoma Desemba kama kawaida yake, ziliendelea tu, na maji yakawa yanasogea ufuoni. Machi tukaarifiwa kwamba banda limeingia kwenye orodha fupi. Nilipiga kelele ofisini hadi mlinzi akaja kuona kuna nini. Majaji wangekuja kutembelea majengo, na hilo ndilo lililonipa hadhi hasa, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba Tuzo ya Aga Khan, iliyoanzishwa 1977, humtuma mtaalamu hadi kwenye jengo lenyewe alikague kwa macho yake. Sasa na sisi tungekaguliwa.

Tarehe 13 mwezi huo huo Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Zikafuata kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kisha kufungwa kwa Nairobi. Majaji hawakuja. Walituandikia kwamba ukaguzi utafanywa kwa simu ya video, mshiriki atembee na kamera wao wakimwelekeza.

Nilifika ufuoni Mei, nikasimama pale juu barabarani nisijue niangalie nini. Mabanda mawili ya jirani yalikuwa na maji dirishani. Kibanda cha BMU, kamati ya kusimamia ufuo, kilikuwa kimebaki paa. Ule mwembe wa mzee ulikuwa umesimama ziwani. Na banda letu lilikuwa majini pia, pande zote, ila sakafu ilikuwa kavu. Maji yalikuwa yamefika ngazi ya tatu. Akina mama walikuwa wameweka mbao za kupita kutoka nchi kavu, na ndani waliendelea kupima omena kana kwamba wako kwenye meli.

Fundi alikuwepo, ndiye aliyezipiga zile mbao. Alinishikia mwavuli ili jua lisiingie kwenye kioo cha simu.

Majaji walikuwa watatu, kila mmoja kwenye kidirisha chake, na mtandao ulikuwa unakatika. Nikawaonyesha paa, kuta, mwanga. Wakanisifu. Mmoja, mama mwenye miwani, akaniomba nirudi nyuma kwenye ubao nielekeze kamera mlangoni. Nikafanya hivyo. Akaniomba nishuke chini kidogo. Nikashuka.

"Hizo ngazi ni ngapi?" akauliza. "Mkato wako una moja. Na pazia liko wapi?"

Tulikuwa tunaongea Kiingereza. Nilimjibu kwamba fundi alifanya kosa wakati wa ujenzi, ikalazimu kubadilisha mambo kadhaa. Nilisema hivyo, fundi akiwa amesimama nusu mita nami, mkono wake ukinikinga jua. Kiingereza hakujua sana, lakini neno la Kiingereza la kosa kila fundi Kenya analijua, amelisikia maisha yake yote. Mwavuli haukutikisika.

Kwenye simu kukawa kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

"Kosa hilo," akasema yule mama polepole, "ndilo linalokufanya usimame pakavu sasa hivi?"

Sikumbuki vizuri nilichojibu. Najua nilieleza juu ya mzee na fimbo yake, nikiwa nimeshachelewa, na kwamba mmoja wao alikuwa anaandika kitu huku ameinamisha kichwa. Waliuliza kwa nini sikuchora hivyo. Nikawaambia kwamba haikupendeza. Ndilo jibu la kweli nililotoa siku ile.

Tuzo hatukupata. Juni ilikuja barua pepe ya mistari minne ya kushukuru, na bosi hakuniuliza kitu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko angeuliza.

Siku ile baada ya simu fundi alikunja suruali, akaingia majini kukaza ubao uliokuwa unayumba. Nilimpa nauli, akaipokea. Sikumwomba radhi. Nilianza, nikaishia kuzungumzia bei ya misumari.

Agosti nilienda na futi kamba na daftari, nikapima banda zima peke yangu. Nilichora upya mkato wenye ngazi nne, bila pazia, mstari wa maji ukiwa pale ulipokuwa Mei. Nikauchapisha kwenye saiba mjini, nikampelekea nyumbani kwake. Alivaa miwani, akauweka magotini, akaufuata kwa kidole kutoka kwenye paa hadi chini. Alikaa nao muda mrefu.

"Injinia," akasema, "ngazi ya chini umeandika inchi sita. Ni saba. Ardhi pale ilikuwa imeshuka."