Nawe nakuombea

"Lile nilishalipeleka madhabahuni, mwanangu. Bwana kashanisamehe." Shangazi aliyasema hayo Jumapili iliyopita kwa sauti laini kabisa, nyuma yake nasikia kuku na mtu anatwanga. Tangu hapo silali vizuri.

Lile ni la kaburi la baba. Fedha ya saruji na marumaru nilimtumia Shangazi mwaka juzi, na hadi leo pale Muheza kuna tuta la udongo na msalaba wa mbao ulioinama. Nilipiga simu nikiwa nimeshapanga maneno: "Shangazi, nimekusamehe." Sikuyafikia. Nikabaki kumuuliza, "Na mimi je, Shangazi?" Akanyamaza kidogo. "Nawe nakuombea."

Wiki hii tasnifu yangu imepita, mdogo wangu kajifungua wa kike Jumanne, na mimi niko jikoni naosha mchele, midomo inarudia maneno mawili. Nawe nakuombea. Kama vile mwenye deni ni mimi!

Ijumaa usiku nikaitazama tena Miryang, filamu ya Kikorea ya Lee Chang-dong ya 2007, iliyompa Jeon Do-yeon tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule Cannes. Shin-ae ni mjane, mwanawe kauawa, ameokoka, sasa anakwenda gerezani na maua ili amsamehe muuaji. Yule bwana ametulia nyuma ya kioo, uso umenawiri. Anamwambia Shin-ae kwamba Mungu ameshamsamehe, moyo wake una amani, na kwamba anamwombea Shin-ae. Anamwombea! Nilisimamisha filamu hapo, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Shin-ae anatoka hadi kwenye maegesho ya magari, anaanguka chini.

Jana nikapanda treni hadi Miryang kwenyewe, si mbali na hapa Busan, Korea Kusini. Jina la mji huo kwa herufi za Kichina lina siri na lina jua, na Shin-ae mwenyewe analieleza hivyo mapema katika filamu. Nilikaa kando ya mto, chini ya lile jengo la kale la Yeongnamnu, nikitafuta jibu kali la kumpelekea Shangazi. Halikuja. Kilichokuja ni mikono yake. Baba alipolala kitandani miezi minne, aliyemgeuza usiku na kumsafisha vidonda vya mgongo ni yeye, vidole vinanuka dettol hata akila. Mimi nilikuwa huku na mitihani. Mazishi niliyaona kwenye simu, picha ikikatikakatika.

Ile fedha ya marumaru haikuwa ya baba peke yake. Nilitaka nitue mzigo, na nilipopiga simu nilitaka Shangazi alie, nimsikie akilia, ndipo nimsamehe.

Hasira haijaisha. Fedha ililiwa, na kaburi la baba liko vilevile. Lakini mwishoni mwa filamu Shin-ae anajikata nywele uani, na Jong-chan, yule fundi magari aliyemfuata siku zote, anamshikia kioo tu. Nimewaza sana ni nani angenishikia mimi, na mara mbili jina lililonijia ni la Shangazi.

Mama katuma ujumbe sasa hivi: macho ya mtoto yana unjano, wanamtoa jua la asubuhi. Nimewaambia wampeleke hospitali leo leo. Hawajajibu.