Kilo Kumi za Gari

Wiki moja kabla ya uchaguzi wa Ghana, Mama alinipigia simu kutoka Nakuru na swali moja tu: "Umenunua unga?"

Nikamwambia unga kama wetu ni taabu kuupata hapa Madina, kiungani mwa Accra, lakini nimenunua gari, kilo kumi. Kimya. Kisha: "Gari? Kilo kumi? Mwanangu, u mzima kweli?" Ikabidi nimweleze kwamba gari ya Waghana haina magurudumu. Ni muhogo uliokunwa, ukachachushwa, ukakamuliwa na kukaangwa hadi ukawa chenga kavu, nayo hukaa miezi bila kuharibika. Akacheka sana, halafu akarudi pale pale: "Na maji? Na mishumaa?"

Mkenya wa rika langu hahitaji kuelezwa. Tulipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na mwishoni mwa Januari moto wa ghasia ukafika Nakuru. Nilikuwa darasa la saba. Tulilala jikoni, sakafuni, kwa sababu ndicho chumba pekee kisichokuwa na dirisha linalotazama barabara. Kuanzia hapo, kwangu mimi uchaguzi ukawa orodha ya dukani: unga, maharagwe, chumvi, makaa, betri. Nilinunua 2013, nikanunua 2017, nikanunua 2022. Kwa hiyo 2024, nikiwa mwaka wa pili mhasibu jijini Accra, katika nchi ambayo hata kura sina, mkono ulinunua wenyewe.

Mama mwenye nyumba, ambaye sote pale uani tunamwita Auntie, alinikuta nikipandisha ngazi na mfuko wa tano wa maji ya pakiti. "Madam Kenya, unafungua duka?" Nilipomwambia ni kwa ajili ya Jumamosi, alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayeogopa mvua. Yeye ni wa Kumasi na ni wa NPP, chama cha tembo. Mwanawe wa kwanza ni wa NDC, chama cha mwavuli. Wanakula meza moja na kurushiana maneno hadi sahani zinatetemeka.

Nilipanga kujifungia. Aliyenibadilisha nia ni mwenzangu wa ofisini. Alisema, kwa jinsi nilivyo na wazimu wa kukagua risiti, hofu yangu ina dawa moja: jioni ya Jumamosi niende nikasimame nyuma ya kamba kwenye kituo cha jirani, nisikilize kura zikihesabiwa. Mtu yeyote anaweza kutazama, alisema. Nikamwuliza, hata mgeni? Akasema, hata mbuzi, mradi asiwapigie kelele wanaohesabu.

Basi Jumamosi tarehe 7 Desemba, asubuhi, nilimsindikiza Auntie. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kituo chetu kilikuwa nje kabisa, chini ya turubai, na vumbi la harmattan, upepo mkavu wa kutoka Sahara, limetulia juu ya kila kitu. Alama ya kidole ikahakikiwa kwenye mashine, wino ukapakwa, akapewa karatasi mbili: moja ya rais, nyingine ya mbunge. Mbili tu! Mimi niliyezoea karatasi sita za Kenya, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi, niliona kama anaibiwa. Na hapigi tiki kwa kalamu. Anabonyeza kidole gumba chenye wino kando ya picha ya mgombea.

Tulipokuwa tukirudi akaninong'oneza kwamba amevaa "sketi na blauzi". Nikatazama gauni lake. Akacheka mpaka akashika ukuta. Waghana husema hivyo mtu anapompa rais wa chama hiki kura yake, na mbunge wa chama kile. Si mchezo mdogo: mwaka 2020 Nana Akufo-Addo wa NPP alishinda urais, lakini bungeni vyama viwili vikatoka 137 kwa 137, na mbunge mmoja wa kujitegemea akawa ndiye ulimi wa mizani. Kwa nini Auntie avae sketi na blauzi mwaka ule, sikuhitaji kuuliza. Mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 54 Desemba 2022, mwezi ule ule serikali iliposimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Dola niliyoikuta vitabuni ikiwa sedi sita mwanzoni mwa 2022 ilikuwa imepita kumi na tano. Auntie anauza nguo za mitumba. Vitabu vyangu na meza yake vinasema jambo moja.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nyuma ya kamba. Sanduku likamiminwa mezani. Karatasi zikapangwa mafungu kulingana na wagombea, kisha moja moja ikainuliwa juu, mawakala wa vyama wakiikodolea macho, na umati ukihesabu kwa sauti. Giza likaingia, watu wakawasha tochi za simu. Kila karatasi ilipoinuliwa sote tulitaja namba yake, nami nikajikuta nazitaja pia. Palipotokea ubishi juu ya alama ya kidole iliyokaa kwenye mstari, hesabu ilisimama, mawakala wawili wakainamisha vichwa pamoja juu ya karatasi hiyo, wakakubaliana, tukaendelea. Fungu la John Mahama, mgombea urais wa NDC, lilikuwa refu kuliko la Mahamudu Bawumia wa NPP, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Kisha ikajazwa fomu ya matokeo ya kituo, wanayoiita karatasi ya pinki. Msimamizi akatia saini, mawakala wakatia saini, kila mmoja akaondoka na nakala yake. Kwa mhasibu hakuna kitu kitamu kama hicho: stakabadhi moja, nakala mikononi mwa watu wasiopendana.

Hapa nikiri upumbavu wangu. Mwendo wa saa mbili usiku ilinifikia picha ya jedwali la "matokeo ya taifa zima", lenye rangi na nembo, nami bila kufikiri nikaisukuma kwenye kundi la simu la Wakenya wa Accra. Dakika kumi baadaye dada mmoja akaniuliza: imesainiwa na nani? Nilitazama tena. Asilimia za wagombea zikijumlishwa zilipita mia moja. Mimi, mhasibu! Nikaifuta na kuomba radhi, na kuanzia dakika ile nikajiwekea sharti: sipokei namba ambayo haikutoka kwenye karatasi ya pinki. Nikafungua daftari la mistari, nikachora safu tatu: kituo, Mahama, Bawumia. Mwana wa Auntie alikuwa anapokea picha za karatasi hizo kutoka kwa wenzake wa NDC. Auntie mwenyewe akapata kadhaa kupitia kwa shoga yake wa NPP. Nilipokuta kituo kimoja kimetumwa na pande zote mbili, nililinganisha. Kila mara zililingana, na kila mara mabega yangu yalishuka kidogo.

Ila hapo nawasifu wa nyumbani. Mwaka 2022 fomu 34A za Kenya, zile za matokeo ya kila kituo, nilizikuta kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, kituo kwa kituo, nikajumlisha nikiwa kitandani. Accra nilizipata kwa fadhili za majirani. Hilo Waghana wajifunze kwetu, na nimewaambia.

Nililala saa tisa usiku. Jumapili asubuhi nilikuwa nafua pale uani Auntie alipoongeza sauti ya redio hadi mwisho. Bawumia alikuwa anazungumza. Tume ilikuwa bado haijatangaza lolote, lakini alisema hesabu za chama chake mwenyewe zinaonyesha Mahama ameshinda, na NDC imeshinda bungeni pia, na kwamba ameshampigia simu kumpongeza. Nilibaki nimeshika shati linalochuruzika maji. Huyu ndiye shahidi mkuu wa NPP kwenye kesi ya 2013 katika Mahakama ya Juu, walipopinga ushindi wa Mahama wa 2012. Ndiye aliyekuwa akiulizwa mambo ya kituoni na kujibu, "Wewe na mimi hatukuwepo", ushahidi ni karatasi za pinki. Kesi walishindwa. Sasa karatasi zile zile zimemwambia ameshindwa yeye, na akazisikiliza.

Auntie alizima redio, akakaa kimya kwa muda. Halafu akamwita mwanawe, akamwambia aende akanunue kuku, na asilete kelele zake ndani ya nyumba. Mchana barabara ya Madina ilijaa vuvuzela, na watu waliojimwagia poda nyeupe usoni na mabegani. Nami nilirudi na poda kichwani, sijui ya nani.

Si kila mahali palikuwa hivyo. Damongo, kule kaskazini, ofisi ya tume iliharibiwa, na majimbo kadhaa yalivutana juu ya ujumlishaji; Ablekuma North, hapa hapa Accra, lilipata mbunge Julai 2025. Jumatatu mwenyekiti wa tume, Jean Mensa, alitangaza urais kwa majimbo 267 kati ya 276: Mahama asilimia 56.55, Bawumia 41.61. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 61, ilhali 2020 walikuwa 79. Wengi wa NPP, nadhani, hawakuhama chama. Walikaa nyumbani.

Mama alipiga jioni ile. Alitaka kujua kama maduka yamefunguliwa. Nikamwambia hayakufungwa sana, ila Jumamosi. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na lile gari lako?"

Tuliila hadi Machi. Auntie alinifundisha kuiloweka kwa maji baridi, sukari, maziwa na karanga, na kila nikimaliza bakuli alikuwa ananiuliza kama nimebakiza ya uchaguzi wa 2028.