Siku Shangazi Alipozuia Pampu Isishushwe Duarani

Mvua za msimu ule zilikawia kukatika. Kwetu Chunya, maji yakikawia ardhini, wanaoosha mchanga wa dhahabu hufurahi na wenye maduara, yaani mashimo marefu ya kuchimbia dhahabu, huhangaika. Sisi tulikuwa upande wa furaha. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na leseni ndogo ya uchimbaji karibu na kijito kinachoingia Mto Lupa, na pampu yetu mpya ilikuwa ikipiga kazi vizuri. Asubuhi moja jirani yetu, mzee ninayemheshimu mpaka leo, akaja na vijana wake wawili. Duara lao lilikuwa limejaa maji. Walishaufikia mwamba wenye dhahabu, na sasa kote kule chini kumezama. Alikuja kuazima pampu.

"Dada, nisaidie siku moja tu," alisema. "Mafuta nitaweka mimi."

Shangazi hakujibu papo hapo. Aliingia kibandani, akatoka na kamba yake ya katani yenye mafundo.

Kamba hiyo ndiyo iliyotuchagulia pampu. Kabla ya hapo maji tulikuwa tunayabeba kwa madumu, kwa sababu mwalo, yaani mfereji wa mbao uliotandikwa mazulia wa kuoshea mchanga, hatukuuweka ukingoni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za namna hiyo zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, na shangazi hakuwa mtu wa kuipindisha. Maji yalipaswa kupanda mpaka tulipo. Akafunga fundo kila mita moja, akateremka kijitoni, akapima. Kutoka usawa wa maji hadi mahali pa kuweka pampu, mita 3. Kutoka hapo hadi kichwani mwa mwalo, mita 9. Urefu wa mpira wote, kama mita 70. Kisha akatuambia tumimine maji ya madumu ya lita 20 kwenye mfereji wa mbao, mmoja akimaliza mwingine aanze, naye akainama kutazama mchanga unavyotembea juu ya mazulia. Tulipomwaga dumu moja kwa sekunde sita hivi, changarawe ilikwenda na mchanga mweusi, ule mzito unaotuama pamoja na dhahabu, ukabaki. Hizo ni lita 200 kwa dakika. Akaandika kwenye kikaratasi, tukapanda gari kwenda Mbeya.

Pale Mwanjelwa muuzaji alituletea ya inchi 3. "Mama, chukua hii, inatoa lita 1,000 kwa dakika. Hutajuta."

"Mwanangu, mimi nahitaji lita 200 tu," alisema shangazi, "lakini nazitaka juu, mita 12, zikiwa zimeshapita kwenye mpira mrefu. Mpira nao unakula nguvu. Nionyeshe inayoweza hiyo."

Tukaletewa ya inchi 2, injini ya petroli ya hospawa 5.5. Lebo ilisema lita 600 kwa dakika na mita 30. Nilidhani itatupa vyote viwili kwa pamoja. Shangazi akanieleza palepale dukani: lita 600 ni pale pampu inapomwaga maji bila kuyapandisha popote, na mita 30 ni pale maji yanaposimama ndani ya mpira bila kutoka hata tone. Kazi ya mtu iko katikati ya namba hizo mbili. Tangu siku hiyo nimewaona wengi wakinunua pampu kwa kuangalia namba moja tu, na huwa nawasimamisha niwaambie.

Ile ya inchi 3 isingetuongezea chochote. Lupa imeoshwa tangu miaka ya 1920, na vipande vinene vilishaokotwa na waliotutangulia; tulichobakiziwa zaidi ni chembe ndogo, nyingine bapa kabisa. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, wakati mchanga wa kawaida ni kama mara 2.6 tu, lakini chembe bapa ikikutana na maji ya kasi huelea na kwenda zake na uchafu. Maji mengi kupita kiasi yanakuibia mchana kweupe.

Kwenye mpira wa kunyonyea hakukubali kupunguza bei. Alitaka ule mgumu wenye waya wa kuzunguka ndani, usiobonyea. Muuzaji alishangaa mama wa umri ule akipuliza upande mmoja wa mpira, kaziba upande wa pili kwa kiganja, akisikiliza kama kuna pumzi inayovuja.

Nilikabidhiwa mimi kuitunza. Nilianza kazi hiyo kwa uoga, nikaishia kuipenda. Kila asubuhi, kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia, naijaza maji tumboni mpaka yafurike, maana pampu ya aina hii haiwezi kuvuta hewa tupu, na sili yake, kizuizi cha maji kwenye shafti, hupozwa na maji yaleyale inayoyasukuma. Ikizunguka kavu, sili inaungua muda mfupi tu, halafu maji yanaanza kudondoka kwenye shafti. Oili ya injini ni kama nusu lita na kidogo. Ya kwanza tuliimwaga baada ya saa 20 za kazi, ikatoka na vumbi la chuma linalong'aa, kisha ikawa kila saa 100. Vumbi la Chunya wakati wa kiangazi ni jekundu na jepesi, linaingia kila mahali, kwa hiyo kichujio cha hewa nilikifungua mara nyingi kuliko kitabu kilivyosema. Chujio la kunyonyea nililitia ndani ya ndoo iliyotobolewa matundu, nikaining'iniza isiguse chini, kwa sababu mchanga ndio unaoila impela, ile feni ya ndani inayosukuma maji, taratibu, mpaka siku moja unaona maji yamepungua na hujui yalianza lini kupungua. Na kama inaunguruma vizuri lakini maji hayaji, napaka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira wa kunyonyea. Povu likinyonywa, hapo ndipo hewa inapoingilia; nakata washa mpya kwenye tyubu ya baiskeli, basi.

Twende kwenye duara la mzee.

Shangazi alifunga jiwe mwisho wa kamba, akaiteremsha. Sote tulikaa kimya tukisikiliza. Jiwe lilipogusa maji, alihesabu mafundo: 14.

"Kaka," alisema, "pampu ikikaa hapa juu haitayavuta maji haya. Si kwamba ni mbovu. Hakuna pampu ya kukaa juu inayoweza."

Nimekuja kulielewa jambo hili vizuri zaidi baadaye. Pampu hainyanyui maji kwa kuyavuta. Inatoa hewa kwenye mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande, kama unavyokunywa soda kwa mrija. Uzito huo una kikomo: pwani hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 na kidogo, na kwetu milimani, ambako hewa ni nyepesi, hata hizo hazifiki. Kwa pampu ndogo zetu, ukipita mita 6 umeshaanza kujitesa. Kusukuma ni jambo jingine. Kusukuma inaweza mita nyingi. Ndiyo maana pampu huwekwa karibu na maji, na urefu wote unaachiwa mpira wa kutolea.

Kijana mmoja wa mzee aliielewa haraka hoja hiyo, na hapo ndipo hatari ilipoanza. "Basi tuishushe," alisema. "Kuna kidaraja cha magogo mita 10 chini. Tuikalishe pale, iko karibu na maji, itasukuma."

Kwa hesabu ya maji alikuwa sahihi kabisa. Shangazi akasimama kati yake na pampu.

"Hii ina injini ya petroli. Duarani haishuki."

"Mama, hatashuka mtu nayo. Tutaiwasha hapa juu, tuiteremshe kwa kamba."

"Ikizima, nani atashuka kuiwasha? Mafuta yakiisha, nani atayaongeza? Mpira ukichomoka?"

Kijana alinyamaza. Shangazi hakupandisha sauti, ila mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akamwambia kwamba moshi unaouona sio unaoua. Kinachoua ni hewa ya sumu ndani yake, isiyo na rangi wala harufu, na kwenye shimo lisilopitisha upepo inabaki pale hata injini ikiwa imeshazimwa. Anayeshuka kumwokoa mwenzake naye anaanguka juu yake. Monoksidi ya kaboni, jina hilo nililijua baadaye. Shangazi alijua inachofanya. "Nimeshazika watu wa namna hiyo," alisema. "Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa hai."

Mzee alimshika kijana wake begani akamrudisha nyuma. Kisha akamwambia shangazi, "Nimekusikia, dada."

Siku ile waliteka kwa ndoo na winchi ya mkono, wakipokezana, nasi tukiwasaidia. Kesho yake mzee akaenda Makongolosi, akakodi pampu ya umeme ya kuzamisha pamoja na jenereta. Pampu ya namna hiyo inakaa ndani ya maji yenyewe na kusukuma kutokea chini, kwa hiyo mita 14 hazikuisumbua. Jenereta tuliiweka mbali na mdomo wa duara, upande ambao upepo ungeupeleka moshi porini, na shangazi akatembea mwenyewe kuhakikisha.

Maji yalitoka mazito, rangi ya chai ya maziwa, na hatukutaka yaende kijitoni. Lupa inaelekea Ziwa Rukwa, na ziwa lile halina mto unaotoka. Kinachoingia mle kinabaki mle. Tukachimba bwawa la kutuamisha tope. Maji yalipotulia, pampu yetu ikayachukua juu juu kuyapeleka kwenye mwalo, na kijito chenyewe tukakipumzisha. Mzee alipoona maji yake yanaosha mchanga wetu, akaleta viroba vya mawe yaliyosagwa, vikaoshwa kwenye mwalo wetu kwa makubaliano ya nusu kwa nusu.

Msimu ulipoisha alikuja tena kwa shangazi, safari hii akitaka asindikizwe Mwanjelwa. Alinunua ya kuzamisha, yake mwenyewe, na kebo ndefu isiyo na kiungo hata kimoja. Yule kijana ndiye aliyeibeba begani kutoka dukani mpaka stendi, na njia nzima alikuwa akimuuliza shangazi maswali.