Nilivyopata umbo la Kerberos, mwezi wa Pluto, kwa picha nne

Mwaka juzi bibi mmoja wa Langoni aliniletea studio picha ya marehemu mumewe. Ilikuwa ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, imekunjika katikati, na uso wenyewe haukuzidi ukucha wa kidole gumba. Alitaka ikuzwe aitundike ukumbini. Nikaiskani, nikaitia kwenye programu moja ya simu inayosifiwa kwa kung'arisha sura, na kabla sijamaliza chai mzee akatoka na nyusi zilizochongwa na kope za kuhesabika. Nikajipongeza. Bibi akavaa miwani, akaitazama kitambo, akairudisha juu ya meza.

"Huyu ni nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Programu haikuziona kope za mzee hata moja. Ilishaona kope za watu wengine wengi, ikamgawia. Nilimwomba aniachie picha, nikamwambia nitatafuta njia. Na njia yenyewe nilikuwa naihangaikia kila usiku, ila kwa kitu kilicho mbali kidogo na Langoni.

Nina ugonjwa wa picha za vyombo vya anga. Huku pwani ukianza habari za anga, wazee hukutajia Ngomeni, kule upande wa Malindi, na lile jukwaa la Waitaliano baharini ilikorushwa satelaiti Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Mimi nilikuwa nimenasa kwenye Pluto, ile sayari kibete ya mbali. Chombo cha NASA kiitwacho New Horizons kilipita karibu nayo tarehe 14 Julai 2015, umbali wa kilomita 12,500 hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita 14 kila sekunde. Kwa mwendo huo hakuna kusimama. Upande wa Pluto uliokielekea siku ile ulipigwa picha za ajabu. Upande wa pili ulikuwa umeonekana vizuri siku tatu na ushee kabla, kwa sababu Pluto huchukua siku 6.4 kujizungusha mara moja, na wakati huo chombo kilikuwa bado karibu kilomita milioni 4 nyuma. Kwa kamera yake kali, LORRI, Pluto nzima hapo ilikuwa na upana wa pikseli 125 tu, yaani vile vinukta vinavyounda picha. Nikasema huu ndio upande wangu, nitaukusanya kutoka picha nyingi mpaka ueleweke.

Nilikosea mara mbili kwa mpigo. Kwanza nilipakua zile picha za JPEG, kwa kuwa ni nyepesi na bando langu ni la kuhesabu. JPEG huikatakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kurahisisha kilichomo katika kila kipande. Nilipokuza, Pluto ikatoka imepigwa vigae. Pili, nilirundika picha zilizoachana kwa saa kadhaa. Katika saa moja Pluto inageuka zaidi ya digrii 2, na kwa ukubwa ule alama za katikati ya uso wake zinasogea pikseli mbili na nusu. Nikapata uji. Uji mzuri, lakini uji.

Kilichonifungua macho ni chandarua. Ilikuwa kaskazi, joto la kuchoma, umeme umekatika, nami nimelala chali natazama zidaka za ukutani. Nyumba yetu ni ya zamani na chokaa ya zidaka hizo bado ina nakshi. Nikitulia, nyuzi za chandarua zinaikata nakshi vipande vipande. Nikisogeza kichwa kidogo, kama nusu ya tundu, kile kilichofichwa na uzi kinajitokeza, na baada ya kuyumba mara tatu nne naiona nakshi yote. Lakini nikisogea mpaka nyuzi ziangukie palepale zilipokuwa, sijapata kitu kipya. Nilikaa nikitikisa kichwa mpaka mama akapita mlangoni akauliza nimepatwa na nini.

Pikseli ni tundu la namna hiyo, ila yenyewe humeza mwanga wote unaoingia na kutoa namba moja. Picha zinazofanana kabisa, ukizichanganya, zinakupunguzia chenga, zile punje za ovyo zinazochafua picha: picha 4 huzibakisha nusu, picha 16 huzibakisha robo. Faida hiyo si ndogo, lakini umbo linabaki lilelile. Ili umbo liongezeke lazima picha zipishane, na zipishane kwa sehemu ya pikseli. Mtu akikuambia amekuza picha moja mara nane na kuona mambo mapya, mwulize ameyatoa wapi.

Bahati ni kwamba chombo hakitulii. New Horizons kikielekeza kamera kinaelea polepole upande mmoja mpaka kikomo chake, kisha injini ndogo inakipa teke la kukirudisha, kama mashua iliyotia nanga penye mkondo. Kwa hiyo picha zilizopigwa kwa kufuatana haziangukii mahali pamoja. Wenye darubini ya Hubble wao husogeza kwa makusudi. Kwa ile picha ya kina cha anga ya Desemba 1995, iliyokusanywa kutoka picha 342, Andrew Fruchter na Richard Hook walibuni njia ya kuifanya kila pikseli iwe ndogo na kuidondosha kwenye jedwali lenye vyumba vidogo zaidi. Jina waliloipa lina maana ya manyunyu, na kwa kweli ndivyo inavyofanya kazi.

Basi nikaiacha Pluto nikashika kitu kidogo: Kerberos, mwezi wake uliogunduliwa mwaka 2011. Sababu ilikuwa ya kivivu. Wanasayansi wenyewe walitoa umbo lake Oktoba 2015 kwa kuchanganya picha nne za LORRI, zilizopigwa saa saba hivi kabla chombo hakijaifikia Pluto, kutoka kilomita 396,000. Kwangu huo ulikuwa mtihani ambao majibu yako nyuma ya kitabu. Kwa umbali huo pikseli moja inafunika karibu kilomita 2, na Kerberos ina urefu wa kilomita 12. Maana yake ni vidoa sita kwa viwili au vitatu. Ukiiona picha yenyewe utadhani ni uchafu wa kioo.

Safari hii nilichukua faili za asili kutoka hifadhi ya data za sayari ya NASA, usiku wa manane, kwa bando la usiku. Programu nilizozoea zilishindwa kulinganisha picha, kwa sababu hutafuta nyota za kushikilia. Nikafanya kienyeji. Nilikata kipande cha pikseli 15 kwa 15 kuzunguka Kerberos, nikaziandika namba 225 za mwanga kwenye jedwali lilelile la kompyuta ninalowekea hesabu za studio, nikatafuta kitovu: kila namba mara mahali pake, jumlisha, gawa kwa mwanga wote. Nikarudia kwa picha zote nne. Vitovu vilipishana kwa sehemu za pikseli, na nakiri niliruka kitandani.

Baada ya hapo nikakuza kila kipande mara nane, nikavisogeza vitovu vikae pamoja, nikachukua wastani. Likabaki suala la ukungu wa lenzi. Hapo hutumika nyota iliyopigwa na kamera ileile: nyota ni nukta, hivyo doa linaloonekana ndicho kipimo cha ukungu. Kompyuta hujaribu kuuondoa kidogo kidogo, raundi baada ya raundi. Raundi 10 zilinipa kitu cha kueleweka. Raundi 50 zikanipa pete kuzunguka Kerberos, na juu yake kilele cheupe. Nilikipenda kilele hicho! Nilikaa nacho siku mbili kabla ya kukumbuka kope za mzee.

Nikazigawa picha jozi mbili, nikaifanya kazi yote upya kwa kila jozi peke yake. Kilele kikaonekana katika jozi moja tu. Kurudi kwenye namba za asili, nikakuta katika picha moja pikseli moja imeruka mbali na jirani zake, yumkini mwale wa anga uliopiga kihisio. Nikaitoa. Kilichobaki katika jozi zote mbili ni bonge lenye vichwa viwili, kimoja kikubwa kuliko kingine, kama nilivyotarajia kutoka kwenye majibu. Vitu viwili vilivyogandana, wanavyodhani wataalamu. Mama alichungulia akasema, "Mbona kama karanga ilofinywa?"

Nikamrudia bibi. Nilimwuliza kama picha ile ina nakala nyingine, akapata tatu kwa watoto wake. Zote zilitoka kwenye negativu moja, kwa hiyo nilijua mapema kwamba umbo la uso halitaongezeka hata chembe. Lakini mikunjo na madoa ya kila nakala yalikuwa mahali tofauti. Nilizilinganisha, na kwa kila nukta nikachukua thamani ya katikati badala ya wastani, ili doa la nakala moja lisipate nafasi. Mkunjo ukapotea. Kola ya kanzu ikatulia. Macho yakabaki vivuli viwili, nami sikuyagusa.

Niliichapa ndogo, saizi ya kiganja, nikamweleza kwamba nikiikuza zaidi itabidi nimtungie. Aliishika karibu na dirisha muda mrefu.

"Huyu ndiye," akasema. Kisha akauliza kwa nini picha ndogo inauzwa bei ya kubwa.