Iroh sio mjomba

Wiki mbili hizi silali mapema. Nikirudi kazini nakula, naoga, nasubiri ifike saa sita bando la usiku liwake, halafu najifunika shuka mpaka kichwani na simu yangu naangalia katuni. Ndio, katuni, mtu mzima na ndevu zangu. Mke wangu mwanzo alidhani nachati na mtu, akavuta shuka ghafla akakuta dogo mwenye kipara na mshale wa bluu kichwani amepanda mnyama kama nyati mwenye miguu sita anapaa nae mawinguni. Akanirudishia shuka bila kusema kitu.

Kitu chenyewe ni Avatar: The Last Airbender. Kama hujawahi kuiona, kwa kifupi dunia ina mataifa manne, Kabila la Maji, Ufalme wa Ardhi, Taifa la Moto na Wahamaji wa Hewa, na kwenye kila taifa kuna watu wanaweza kuichezesha hiyo asili yao kwa mikono na miguu, sisi tulikuwa tunasema kubendi. Mtu mmoja tu ndo anabendi zote nne, huyo ndo Avatar. Taifa la Moto likaanzisha vita, Avatar, dogo anaitwa Aang, akapotea miaka 100, kumbe kaganda kwenye barafu kule kusini, anakuja kuzinduliwa na Katara na kaka yake Sokka bado ni mtoto wa miaka 12 na watu wake wote wameshauliwa. Ndo hadithi inaanzia hapo. Ilianza kurushwa Nickelodeon Februari 2005 ikaisha Julai 2008, misimu mitatu, episodi 61, kila moja dakika 23 hivi. Ukipiga hesabu ni kama siku moja tu nzima ya kukaa macho. Sisi ilituchukua miezi minne na hatukumaliza, na sababu ya kutomaliza ndo imenifanya niandike hapa.

Nilikuwa naishi Tanga, Makorora, kwa baba mkubwa. Mzee wangu alikuwa anahangaika na maisha mbali huko, mama alikuwa anaumwa, nikapelekwa pale nikiwa darasa la nne nikakaa mpaka namaliza la saba. Baba mkubwa alikuwa fundi redio na tivii, meza yake ipo barazani, nyumba nzima inanukia risasi ya kuchomelea, na kila kona kuna mzoga wa redio ya mtu. Tivii tulikuwa nayo, ya chogo, ila deki hatukuwa nayo. Sasa siku moja akaja jamaa na deki yake haisomi sidii, baba mkubwa akaitengeneza siku mbili tu, mwenyewe hakurudi. Wiki ya kwanza, ya pili, kimya. Deki ikahamia sebuleni. Mama mkubwa alivyouliza akajibiwa "bado naijaribu". Aliijaribu miezi minne.

Kaka yangu pale nyumbani, mtoto wa baba mkubwa, ndo alileta zile sidii, zile za Kichina moja inabeba vitu kibao, gamba lina picha ya filamu nyingine kabisa. Maneno ya chini Kichina, sauti Kiingereza, na mkalimani ndo yeye kwa sababu alikuwa fomu two na sisi wengine tuko msingi. Tulimwamini kama redio. Mpaka wiki iliyopita ndo nimegundua alikuwa anatupiga. Yaani kuna huyu Zuko, mtoto wa mfalme wa Taifa la Moto, ana kovu la kuungua jichoni, msimu mzima wa kwanza anamkimbiza Aang huku analalamika kuhusu heshima yake, kwa Kiingereza "honor". Kaka akasikia "owner". Kwa hiyo sisi tulikua tunajua Zuko anamtafuta MWENYE. "Anasema lazima ampate mwenye." Mwenye nini kaka? "Mwenye mali bana, we angalia." Tukaamini Aang ameiba kitu cha watu, hatukujua kitu gani, ila stelingi ni stelingi tukamsamehe.

Uwanjani ndo ilikuwa balaa. Ndoo ya maji haikai, kila mtu anabendi. Dada mdogo alikuwa Toph, yule binti kipofu anayeona kwa nyayo za miguu, tukamfunga kanga ya mama mkubwa machoni akaenda mbio moja kwa moja mpaka kwenye mpapai, alama ya kwenye paji la uso anayo mpaka leo na harusini kwake walimpaka poda pale kuificha. Na tulivyobishana kama katuni ni ya Wachina au Wajapani! Kumbe wenyewe ni Wamarekani wawili, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, uchoraji wa kuifanya itembee ukapelekwa studio za Korea Kusini. Ila upande wa Uchina hatukukosea sana, mana mapigano yote yametolewa kwenye kung fu za kweli. Kabila la Maji wanacheza tai chi, ndo mana Katara anaenda taratibu kama anachota na kumimina, moto ni Shaolin ya kaskazini, ardhi ni Hung Gar ile ya kukanyaga chini kwa nguvu, na Aang anazunguka zunguka kwa sababu hewa ni Ba Gua. Toph wakampa ya kwake peke yake, ile ya vunjajungu ya kusini. Utotoni nilikuwa naona tu kila mtu anapigana tofauti, sikujua kama kuna mtu alikaa akalipanga.

Kuirudia ukubwani kuna vitu vimeshuka, nisidanganye. Msimu wa kwanza una episodi za kujazia, ile ya makabila mawili yanagombana kwenye bonde kubwa niliilala, na wenyewe wanajua, mana msimu wa tatu kuna maigizo ya kuwatania wakina Aang na wakifika hapo kwenye bonde wanasema tupite tu juu. Sokka nae vichekesho vyake vingine vimechacha. Ila muuza kabichi bado namcheka, kila akijipanga na mkokoteni wake wakina Aang wanapita wanaubomoa, yule ni machinga kabisa yule, siku ya mgambo.

Lakini kilichonikalisha ni mzee Iroh.

Tulikuwa tunamwita mjomba, kwa sababu Zuko kila saa "anko, anko" na anko kwa kaka ni mjomba. Mzee ana kitambi, anapenda chai kuliko vita, anamfuata Zuko kila mahali anamtuliza, Zuko anamtukana, mzee anamimina chai. Basi juzi niko chini ya shuka pale nikasimamisha simu. Ozai, baba yake Zuko, ni mdogo wake Iroh. Wamezaliwa baba mmoja, Iroh ndo mkubwa, kiti cha ufalme kilikuwa chake. Huyu sio mjomba! Huyu ni baba mkubwa. Kiingereza chao kina neno moja tu, anko, kwa mjomba, kwa baba mdogo, kwa baba mkubwa, kwa mume wa shangazi, mpaka konda wa daladala. Sisi tunajua tofauti. Mjomba unaenda kumtembelea likizo ukarudi na hela ya nauli imezidi. Baba mkubwa ni baba, na baba yako mwenyewe akiwa hayupo, au yupo ila hafai, hakuna anayeuliza utakaa wapi.

Ukishaliona hilo katuni nzima inageuka. Zuko akiwa na miaka 13 aliingia kwenye kikao cha vita, akampinga jenerali aliyetaka kuwatoa kafara vijana wapya, baba yake akaona ni dharau, akamwita uwanjani wapigane. Mtoto akapiga magoti akakataa kupigana na baba yake, Ozai akamchoma uso. Iroh alikuwepo pale kwenye watu, mwenyewe anahadithia kwamba aligeuza uso asione. Halafu mtoto akafukuzwa nchi, aambiwe usirudi bila Avatar, mtu ambaye hajaonekana miaka 100. Na nani anapanda nae meli? Baba mkubwa. Ambae mwanae wa kumzaa, Lu Ten, alikufa vitani Ba Sing Se, mji ambao Iroh mwenyewe aliuzingira siku 600. Kuna episodi ya msimu wa pili yeye yupo huo huo mji kama mkimbizi, anazunguka sokoni anambembeleza mtoto wa watu kwa wimbo, kibaka anamtolea kisu anamfundisha namna ya kusimama vizuri, jioni anapanda kilimani, anaweka picha ya mwanae chini ya mti, anaimba ule ule wimbo na sauti inakatika. Utotoni tulipeleka mbele kwa rimoti kwa sababu hamna ngumi. Mwishoni yanatokea maandishi ya kumuenzi Mako, mzee aliyeigiza sauti yake, alifariki Julai 2006 kabla hata msimu haujaisha. Niliangalia mara mbili.

Halafu mwisho wa msimu wa pili Zuko anamsaliti. Mzee ameshafungua mgahawa wake wa chai, maisha yametulia, Zuko anachagua upande wa dada yake na baba mkubwa anakamatwa. Msimu wa tatu mzee yupo jela, Zuko akienda kumtembelea mwanzoni anampa mgongo, hasemi neno. Mpaka siku ya kupatwa kwa jua Zuko anamkabili baba yake, anamwambia aliyenilea ni kaka yako, naenda kumtoa nimuombe msamaha. Anafika jela, mlango umevunjwa, mzee ameshatoroka.

Sidii yetu iliishia hapo. Sio kwamba ilikwaruzika. Asubuhi yake mwenye deki alitokea, baada ya miezi minne, amevaa kofia, anasalimia vizuri tu, baba mkubwa kwa aibu akaenda kuichomoa tivii inawaka akamkabidhi, na sidii ikiwa ndani. Tulivyorudi shule tukakuta vumbi la umbo la deki juu ya kabati. Kaka akasema si mnaona sasa, MWENYE. Mwisho wa hadithi akatutungia yeye, eti Aang alimkata Ozai kichwa na Zuko akafa. Nimeishi na huo mwisho miaka yote. Hakuna aliyekatwa kichwa, Aang alimnyang'anya tu moto wake akamuacha hai.

Kuna kitu nataka kukiandika haraka haraka. Nilivyofaulu nikaenda bweni, mbali na Tanga, wenzangu wazazi wao wanakuja na magari siku ya kutembelewa. Mwaka wa kwanza alikuja baba mkubwa. Alitoka moja kwa moja kwenye kazi sehemu, kabeba begi lake la vifaa na mfuko wa maandazi ya mama mkubwa. Jamaa zangu wakauliza huyo nani, nikasema fundi wetu, katumwa na mzee. Alikuwa hatua tatu hivi nyuma yangu. Akawapa mkono wote mmoja mmoja, akasema ndio, mimi ndo fundi, wanangu hamjambo. Akaondoka mapema, akasema basi lisimuache. Hajawahi kuligusia hilo.

Sasa msimu wa tatu karibu na mwisho kabisa, Zuko anampata mzee wake kambini nje ya Ba Sing Se. Mzee amelala anakoroma. Zuko haingii kwa kujiamini, anakaa chini pembeni usiku kucha anasubiri aamke. Asubuhi mzee anakaa kampa mgongo, kijana anaanza kuomba radhi, machozi, maneno yanagongana, na kabla hajamaliza mzee anageuka anamvuta kwa mkono mmoja anamkumbatia. Zuko anashangaa, nilijua una hasira na mimi. Mzee anamwambia sikuwahi kukasirika, nilihuzunika, niliogopa umepotea njia. Ilikuwa saa tisa usiku na mke wangu akaamka akauliza naumwa?

Jumapili nikampigia. Shikamoo, marahaba, mke hajambo, mvua huko vipi. Nikasema baba mkubwa, unakumbuka ile siku ulikuja shule, akasema ngoja ngoja nipunguze redio. Akarudi. Nikashindwa. Nikasema nilikuwa naangalia ile katuni yetu ya zamani, ya kwenye deki. Hapo akawaka. Eti yule bwana wa deki alibakiza elfu nane, na hajaleta mpaka leo, na anamuona msikitini kila Ijumaa, anampa salamu kwa kidole kimoja. Akaongea hiyo elfu nane kama dakika tano.

Halafu akanyamaza kidogo akauliza, "Na yule mzee wa chai, yule kijana alimpata?"

Nikamwambia alimpata.

"Haya. Na vocha usisahau."