Mawe ya Redio

Mwaka 1993 nilijaribiwa kuimba kwenye bendi moja ya dansi hapa Dar es Salaam. Jina lake nalihifadhi. Wao hawakunikosea chochote. Makosa yalikuwa yangu, na kubwa kuliko yote nililifanya wiki tatu kabla sijafika ukumbini, nikiwa nimekaa kwenye mkeka.

Nilikuwa nimetoka Morogoro, nikafikia kwa mama mdogo, Manzese. Nyumba haikuwa na umeme. Nilikuwa na kanda moja tu ya ile bendi, niliyorekodiwa dukani, na redio kaseti ya mama mdogo inayokula mawe manne makubwa, yaani betri. Mawe yakichoka nayaanika juu ya bati tangu asubuhi, jioni yanafufuka kidogo, naendelea. Yakigoma kabisa nayabonyeza kwa meno. Mwimbaji kwenye ile kanda alikuwa na sauti nzito, anayavuta maneno taratibu kama mtu anayekokota gunia, nami nikamfuata hivyohivyo, pumzi kwa pumzi. Mama mdogo akipita na ndoo yake anasema, "Mwanangu, wewe na huyo wa redioni sasa ni mtu mmoja." Nikaamini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Niliambiwa saa nne asubuhi. Nilifika saa tano kasoro robo kwa sababu ya koti. Lilikuwa la bluu, la kuazima kwa binamu aliyenizidi mwili, na pasi ya mkaa ilikataa kuwaka. Kabla ya kutoka nilikuwa nimemeza mayai mabichi mawili na kikombe cha tangawizi, maana mtaani wanasema vinalainisha koo. Labda. Mimi vilinipa mbweu njia nzima.

Ukumbi wa baa asubuhi hauna utukufu wowote. Viti vimepinduliwa juu ya meza, sakafu ina maji ya deki, na wale watu niliowawazia wamevaa sare walikuwa na kandambili, wamekalia kreti za bia. Mpiga tumba alikuwa anakula chapati. Koti langu likaanza kuniwasha hapohapo.

"Umetoka wapi, kijana?" akauliza kiongozi.

"Morogoro, mzee." Ningeishia hapo. Nikaongeza, bila kuulizwa, majina ya magwiji wa dansi wa kwetu: "Mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe."

Mpiga besi akaangua kicheko. Kiongozi hakucheka. "Salum alitutoka 1965, Mbaraka 1979. Leo tunataka tukusikie wewe. Unaimba kii gani, tukuanzishie juu au chini?"

"Yoyote tu, mzee."

Mpiga solo akamtazama mwenzake wa ridhimu, wakainamia magitaa yao. Wakati ule nilidhani wamenistahi.

Gitaa likafungua wimbo. Ulikuwa ndio, na haukuwa ndio. Ulikwenda mbio kuliko nilivyouzoea, na ulikuwa juu. Nilijiona kama mtu aliyezoea kupanda ngazi za kwao gizani, sasa kapelekwa nyumba nyingine: unainua mguu, ngazi haipo pale. Ubeti wa kwanza nilijikongoja. Kwenye mstari wa tatu sauti ikapasuka, ikatoka ya mtoto anayebalehe. Mkono wa koti ukateremka ukafunika maikrofoni na nusu ya kidevu changu.

Kiitikio kilipofika, waimbaji wao watatu waliingia kila mmoja na sauti yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zimekaa kama vidole vya mkono mmoja. Mimi sikuwa na kidole. Nilikuwa nimejifunza sehemu ya mwimbaji mkuu peke yake, nikawapandia juu kwa nguvu zangu zote.

Halafu nikafanya lile lililonimaliza. Sauti kupasuka inasameheka, hata wakubwa imewatokea. Mimi niliinua mkono nikaisimamisha bendi.

"Mzee, hawa wamepandisha wimbo."

Kimya. Mpiga tumba akaiweka chapati chini. Mpiga solo, bila hasira, akapiga ule ufunguzi tena, polepole, akaniambia, "Mdogo wangu, tangu tumeutunga tunaupigia hapa. Redio Tanzania tuliurekodi hapa. Wewe umeusikia wapi?"

Baada yangu aliitwa kijana wa Tanga, mwembamba, shati limechanika kwapani. Yeye alikuwa amefika mapema, akakaa pembeni akisikiliza mazoezi. Alimwomba mpiga solo ampe sauti, akaguna nayo kidogo, akasema, "Naomba unishushie nusu." Wakamshushia bila neno. Kwenye kiitikio akaingia na sauti ya tatu, chini kabisa, kiasi kwamba ilibidi nitege sikio nijue kama anaimba. Niliona wale wengine wamegeuza vichwa kumtazama. Kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka mwishoni, hakuimba kabisa, alicheza tu na kupiga makofi. Wakamwambia arudi Alhamisi. Mimi niliambiwa nimsalimie mama mdogo.

Siku hizi nami hukalia kreti, na vijana wanakuja na biti kwenye simu, simu inakataa kuunga na spika, robo saa inaisha. Nawaelewa kuliko wanavyodhani. Ila akija mmoja akasema "kii yoyote", bado nasikia mbweu za mayai.

Nilirudi Manzese kwa miguu. Nilikuwa nimeshajiridhisha kwamba wamenifanyia hila, mtu wa bara, hana ndugu kwenye bendi. Mama mdogo alikuwa barazani anachambua mchele, redio pembeni yake. Alikuwa ameuza maandazi vizuri, akaninunulia mawe mapya manne, ya zawadi, akijua nitarudi nimepata kazi.

"Washa tusikie wimbo wako," akasema.

Nikabonyeza. Kanda ikaanza, nyepesi, ya haraka, na yule mwimbaji mzito niliyemfuata wiki tatu alikuwa na sauti nyembamba, ya juu, palepale alipopiga mpiga solo.

Mama mdogo akaacha ungo. "Heh! Huyu mbona si yule?"

Nikavua koti, nikalikunja, nikaanza kumsaidia kutoa mawe kwenye mchele.